Shajara ya mradi: kipande cha ubavu cha kufundishia ukaguzi na ukarabati wa meli za mbao za karne ya 19

Tunachojenga

Tunajenga kipande cha ubavu wa meli, kwa ukubwa wake halisi, kuanzia mkuku (mti mkubwa wa chini kabisa) hadi juu kidogo ya pindo la tumbo, pale tumbo linapopinda kuwa ubavu. Kina mataruma (mbavu za mti) matano, safu kumi za mbao za nje, na mbao za ndani zinazofunguka. Ndani yake tunapanda maradhi ya makusudi, ili mafundi wa majahazi na vijana wa makumbusho wajifunze kukagua meli ya mbao kama wakaguzi wa karne ya 19 walivyokagua: kwa nyundo, keekee ya kutobolea, taa na pua, halafu kwa kufungua mahali panapotiliwa shaka.

Tumeichukua Sultana kuwa kipimo chetu. Ni meli ya Sayyid Said iliyoundwa Bombay mwaka 1833 kwa msaji (mtiki), ya milingoti mitatu na tani 305 hivi. Iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na mjumbe Ahmad bin Naaman, na serikali ya Marekani ikaigharimia matengenezo katika kiwanda cha jeshi la majini cha Brooklyn kabla haijarudi Zanzibar mwezi Agosti. Hatuiigi Sultana ubao kwa ubao. Tumefuata ukubwa wake, mti wake na zama zake, kwa sababu ni meli ya kwetu iliyotengenezwa na mafundi wa upande mwingine wa dunia, na kazi waliyoifanya inaweza kufundishwa hatua kwa hatua.

Kwa vipimo na masharti tunafuata kanuni za Lloyd's Register, shirika lililoundwa upya mwaka 1834 na kuanza kuzipa meli daraja kwa miaka kulingana na mti uliotumika na ubora wa kazi. Herufi A ilikuwa daraja la juu, na tarakimu 1 iliyofuata ilihusu nanga, minyororo na kamba. Msaji ulipewa miaka mingi, sawa na mwaloni bora wa Uingereza. Miaka hiyo ikiisha, meli haikutupwa: ilikaguliwa upya kwa kufunguliwa, na ikikutwa nzima iliongezewa muda.

Mataruma yamesimama

Mkuku ni inchi 12 kwa 12. Kila taruma ni miti miwili iliyolazwa bega kwa bega, kila mmoja inchi 9, na kina chake ni inchi 10. Kutoka katikati ya taruma moja hadi katikati ya jingine ni inchi 26, kwa hiyo kati ya mataruma kunabaki uwazi wa inchi 8. Uwazi huo ndio mapafu ya meli. Ukizibwa na takataka, vumbi la shehena au mabonge ya lami, hewa haipiti na mti unaanza kuchacha.

Msaji wetu ni wa mashamba ya Tanzania, ulioletwa ukiwa magogo. Msaji wa shamba unaovunwa mapema una ngozi nene ya mti mweupe nje ya kiini, na mti huo mweupe hauna mafuta ya kutosha ya kujilinda. Tumekata wote na kuutupa, na hiyo imetupunguzia upana wa mbao kuliko tulivyopanga. Hatujutii hasara hiyo. Mwaka 1810 Uingereza ilizindua HMS Queen Charlotte, meli kubwa ya kivita, na kabla haijatumika baharini ikakutwa imeshaoza ndani. Ukihifadhi ubavu wenye mti mweupe kwa ajili ya kuokoa upana, umeijenga meli pamoja na ugonjwa wake.

Kila taruma limeunganishwa kwa vipande vinavyopishana: pale kipande cha mti wa kwanza kinapoishia, mti wa pili ulio bavuni mwake uko katikati ya urefu wake. Ncha mbili zikikutana mahali pamoja, taruma linavunjika hapo siku meli inapopanda wimbi na kubaki imebebwa katikati.

Mpangilio wa viungo vya mbao za nje

Hapa tumekaa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na ni pazuri kukaa. Mbao za nje ni inchi 3 kwa unene na inchi 9 kwa upana. Kanuni inasema viungo vya ncha vya safu mbili zinazogusana visikaribiane chini ya futi 5; kukiwa na safu moja kati yake, visikaribiane chini ya futi 4; na viungo viwili visikae juu ya taruma lilelile ila pakiwa na safu tatu nzima kati yake.

Kiungo lazima kitue katikati ya taruma, na mataruma yetu yapo kila inchi 26. Kwa hiyo futi 5, yaani inchi 60, maana yake ni kusogea nafasi tatu za mataruma. Safu ya kwanza tumeiweka kiungo kwenye taruma la 1, safu ya pili kwenye la 4. Safu ya tatu haiwezi kuwa na kiungo popote ndani ya kipande hiki: taruma la 2, la 3 na la 5 yako karibu mno na la 4, la 4 lenyewe limeshatumika, na la 1 lina kiungo cha safu ya kwanza. Ubao wake lazima upite mzima. Safu ya nne inakubali taruma la 2, safu ya tano inakubali la 5, na ya sita inapita nzima tena. Anayekagua meli kuukuu na kukuta viungo vimerundikana karibu karibu ajue kwamba fundi wa matengenezo ya nyuma alitumia mbao fupi alizokuwa nazo. Aanzie hapo kutafuta mshono unaofunguka.

Vigingi vya mti vinavyoshika mbao pia vina hesabu yake. Ubao wa zaidi ya inchi 11 hupigwa viwili viwili kila taruma. Wa inchi 8 hadi 11 hupigwa viwili, kimoja, viwili, kimoja. Wa chini ya inchi 8 hupigwa kimoja kimoja. Wa kwetu ni inchi 9, basi kila safu ina vigingi 8 katika mataruma matano, na safu kumi zinakula 80. Kipenyo ni inchi moja na robo. Urefu hupita ubao wa nje, taruma na ubao wa ndani, jumla kama sentimita 40, halafu kila ncha hupasuliwa na kugongewa kabari ndogo. Kabari isimame kukingama na nyuzi za ubao. Ikilala sambamba nazo inaupasua ubao wenyewe.

Kigingi kiwe kikavu kuliko mti kinamoingia. Kikavu hunywa maji, hutanuka na kushika. Kibichi hukaza siku ya kwanza, kisha hukauka, husinyaa na kuwa mfereji wa maji hadi ndani.

Maradhi tuliyopanda

Keekee ikitoboa taruma kila siku, taruma litakwisha kabla ya wanafunzi. Kwa hiyo kila mahali pa ugonjwa tumechonga tundu la mraba na kuingiza kipande cha kubadilisha, kimeshikwa kwa kabari kutoka upande wa nyuma. Mkaguzi hatambui tofauti akiwa mbele.

Ugonjwa wa kwanza ni uozo ndani ya taruma la 3, nyuma ya ubao wa ndani ambao kwa sura ni mzima kabisa. Vipande tumevikata kutoka majahazi yaliyovunjwa. Wengi hudhani bahari ndiyo inayoozesha meli. Maji ya chumvi huuhifadhi mti. Anayeuozesha ni maji ya mvua yanayopenya sitaha, yakakaa mahali penye joto bila hewa. Ndiyo maana mkaguzi huanzia juu: vichwa vya mataruma, miguu ya nguzo za ukingo, ncha za boriti zinapoingia ubavuni, na pembezoni mwa sitaha karibu na matundu ya kutolea maji. Wajenzi wa Marekani Kaskazini walijaza chumvi katika nafasi za mataruma ili maji yoyote yanayopita yageuke maji chumvi. Ni akili nzuri, ila chumvi hiyo hula chuma, na huifanya meli iwe na unyevu daima.

Ugonjwa wa pili ni msumari mkubwa wa chuma kwenye kiungo cha taruma la 2. Ukiuangalia kichwa chake ni kizima, na ncha yake ni nzima. Uking'oa, katikati umekonda na kubaki unene wa penseli, pale hasa ubao unapokutana na taruma, kwa kuwa hapo ndipo maji hutulia. Mti uliouzunguka umekuwa mweusi na laini. Kwenye mwaloni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu asidi ya mwaloni hula chuma. Mafuta ya msaji hukihifadhi kwa kiasi. Lakini chuma kikiwa chini ya mabati ya shaba yanayofunika tumbo la meli, mti wowote hauwezi kukiokoa. Shaba na chuma ndani ya maji ya chumvi hutengeneza umeme, na chuma ndicho kinacholiwa. Jeshi la majini la Uingereza liliijaribu shaba kwenye HMS Alarm mwaka 1761, likaona misumari ya chuma inayeyuka, na miaka ya 1780 likahamia misumari ya shaba iliyochanganywa na metali nyingine.

Ugonjwa wa tatu ni msumari wa uongo. Zama zile kulikuwa na mafundi waliopiga kichwa kifupi nje na ncha fupi ndani, katikati pakabaki patupu, na shaba iliyookolewa ikauzwa. Watu walizama kwa wizi huo. Hautambuliki kwa macho. Unatambulika kwa kushika kidole upande wa ndani wakati mwenzako anagonga nje: msumari mzima huupeleka mshindo moja kwa moja kidoleni, wa uongo hauleti kitu.

Wa nne ni kupekechwa kwa safu ya kwanza. Teredo navalis ni jamii ya chaza ingawa ana umbo la mnyoo. Huingia akiwa mchanga kwa tundu la kiasi cha pini, halafu hugeuka na kufuata nyuzi za mti, akipaka handaki lake chokaa nyeupe. Nje utaona vitobo vichache vya milimita moja au mbili. Ndani kidole kinaingia. Ubao wetu una vitobo sita tu kwa nje, na katikati yake robo tatu haipo. Mafundi wa pwani walipambana naye kwa kupweleza chombo wakati wa bamvu (maji makuu), kuunguza tumbo kwa makuti, kisha kupaka deheni ya shahamu na chokaa. Huko Ulaya na Marekani walitegemea shaba, na palipochanika bati moja, ndipo alipoingilia.

Karatasi ya ukaguzi

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo mengi yasiyo na mpangilio, tukaipanga upya kwa kufuata njia ambayo mkaguzi anatembea.

Kwanza ni umbo. Kabla ya kugusa mti, simama tezi (nyuma) na utazame mstari wa sitaha hadi omo (mbele). Meli kuukuu huinuka katikati na kuinamisha ncha zake, kwa sababu omo na tezi ni nyembamba, maji hayazibebi kama yanavyolibeba tumbo. USS Constitution, iliyozinduliwa 1797, ilikutwa imepinda zaidi ya inchi 13 ilipoingia gudini (bwawa kavu la kutengenezea meli) mwaka 1992. Kupinda hakupimwi kwa macho tu: nyosha uzi kati ya alama mbili za urefu sawa juu ya sitaha na usome ya katikati. Upime meli ikielea, upime tena ikiwa imekalia mbao za gudi. Vipimo viwili vikitofautiana sana, viungo vimelegea.

Pili ni maji. Ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya meli maji yanapokusanyika, hupimwa kwa fimbo kila saa, na kinachoandikwa ni inchi ngapi zimeongezeka. Maji meusi yanayonuka yamekaa siku nyingi. Maji mangavu yamepita sasa hivi. Meli ikivuja inapolalia upande mmoja tu, tundu liko upande huo juu ya mstari wa kawaida wa maji.

Tatu ni nyundo. Gonga kila safu kwa mwendo mmoja, bila kubadilisha nguvu ya mkono. Sauti kali na fupi ni mti mzima. Sauti butu yenye kukaa ni uozo au ubao ulioachana na taruma. Hapa ndipo wanafunzi hukosea: mti ulioloa hutoa sauti butu hata ukiwa mzima. Usitoe hukumu kwa nyundo peke yake.

Nne ni keekee, ya robo inchi. Toboa polepole na uangalie vumbi. Vumbi la msaji mzima ni la kahawia na linanukia. La mti uliooza ni jeusi, linabonyea kama tope na linanuka uchachu. Hesabu mizunguko: keekee ikiingia ghafla bila kushikwa, andika kina ilipoanza na ilipokoma. Kila tundu lizibwe papo hapo kwa kijiti kilichochovywa lami. Tundu la ukaguzi lililoachwa wazi ni mlango mpya wa maji ya mvua.

Tano ni kufungua. Ondoa safu moja ya mbao za ndani chini ya boriti na nyingine kwenye pindo la tumbo, ng'oa vigingi vichache na msumari mmoja mmoja hapa na pale. Karatasi ina nafasi ya kuandika kwa nini umechagua mahali hapo. Ukaguzi usio na sababu zilizoandikwa hauwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Kubadilisha kipande cha taruma

Zoezi hili sasa linafanyika kwenye taruma la 3. Utaratibu ni huu: egemeza nje kwa nguzo mbili na kabari kabla ya kutoa chochote, kwa sababu ubavu usioshikwa hujikunja na mbao mpya zitafuata mkunjo huo milele. Chonga kiolezo cha ubao mwembamba kwa kufuata taruma la jirani lililo zima, usifuate lililooza, kwani limekwisha poteza unene. Usifungue mataruma mawili yanayofuatana kwa wakati mmoja.

Vigingi vya zamani havivutwi. Vinatobolewa kwa keekee nyembamba kuliko kigingi chenyewe, ganda linalobaki huporomoshwa kwa patasi. Tundu likiharibika, panua hadi inchi moja na tatu ya nane na utumie kigingi kinene zaidi. Lakini taruma lililokwisha panuliwa mara mbili lina matundu kuliko mti. Hapo badilisha kipande chote.

Mbao za nje zenye mkunjo hupikwa kwa mvuke, saa moja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo za kwetu ni saa tatu. Zikitoka, zina dakika chache tu za utii. Kabari, minyororo na watu wote wawe tayari kabla mlango wa sanduku la mvuke haujafunguliwa.

Kalafati

Kalafati ni kuziba mishono ya mbao kwa nyuzi na lami. Mshono unaochongwa vizuri hugusana upande wa ndani na kuachana upande wa nje, kiasi cha moja ya kumi na sita ya inchi kwa kila inchi ya unene. Kwa ubao wa inchi 3 ni karibu milimita 5. Usipoachana, nyuzi hazina pa kuingia. Ukiachana hadi ndani, nyuzi zinapita na kuanguka ngamani.

Kwenye majahazi tumezoea pamba iliyochovywa mafuta. Kwa kipande hiki tunatumia nyuzi za kamba kuukuu zilizotiwa lami, kama zile zilizochambuliwa na wafungwa na maskini wa Uingereza. Tunaingiza nyuzi tatu, moja baada ya nyingine. Viungo vya ncha hutangulia, mishono mirefu hufuata. Kila uzi hukunjwa vitanzi vidogo mbele ya patasi, kwa kuwa uzi ulionyooka hukatika mbao zikivimba. Baada ya uzi wa tatu, mtu mmoja hushika patasi yenye mpini na mwingine hupiga kwa nyundo kubwa ya mti hadi nyuzi zizame chini ya uso wa ubao. Ndipo lami ya moto humwagwa.

Mshono wa safu ya saba tumeushindilia kupita kiasi kwa makusudi. Mbao za safu ya nane zimesukumwa na kuinuka kutoka kwenye taruma, vigingi viwili vimeanza kutoka. Wanafunzi wote wauone mshono huu, maana fundi wa kalafati asiyejua kuacha anaweza kuivunja meli ambayo bahari haikuiweza. Kabla ya kukalafati upya, nyuzi kuukuu hutolewa kwa ndoano ya chuma, na mkaguzi huzisoma: kavu na ngumu ni za uzee, nyeusi zenye utelezi kwenye viungo vya ncha maana yake mbao zinacheza, na kalafati mpya haitadumu hadi vigingi vikazwe kwanza.

Kinachofuata

Mabati ya shaba yamekatwa kwa kipimo cha zama hizo, futi 4 kwa inchi 14, ya wakia 28 kwa futi ya mraba. Yatafunika safu tatu za chini tu, juu ya kitambaa kizito kilichotiwa lami. Bati moja tutaliacha limechanika juu ya ule ubao uliopekechwa.

Baada ya shaba tutaanza kielelezo cha kulaza meli ubavu ili kuufikia mkuku. Brooklyn haikuwa na gudi la mawe hadi 1851. La Boston lilifunguliwa 1833, na Constitution ndiyo iliyoingia ya kwanza. Mahali pasipo gudi, meli ilipakuliwa yote hadi farumi (uzito wa kuituliza meli), milingoti ya juu ikashushwa, ya chini ikaegemezwa kwa nguzo na kamba za ziada, matundu yote ya upande wa chini yakazibwa na kukalafatiwa, bomba zikawekwa tayari, ndipo kamba za makapi kutoka vichwa vya milingoti zikavutwa kwa duara (mtambo wa kuzungusha unaovuta kamba) hadi mkuku ukatoka majini. Michoro ya kapi na pembe za mvuto imekamilika. Bado mlingoti wa majaribio, ambao lazima uwe mti mmoja usio na fundo katika theluthi ya chini, pale ambapo uzito wote wa kulaza huishia.